Mikorosho imechunwa gome lakini majani bado mabichi, itapona au inakufa taratibu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi nipo Kitangari, Newala, nina shamba la mikorosho niliachiwa na mjomba, miti mikubwa ya zamani. Mwezi wa nne mwishoni watu waliingia wakachuna magome ya mikorosho mitano, nasikia ni kwa ajili ya dawa ya tumbo. Minne wamechuna kuzunguka shina lote usawa wa kifua, upana kama shubiri, ule wa tano wamebakiza kipande. Sasa hivi ni mwezi wa sita na majani bado mabichi kabisa, hayajanyauka. Mzee mmoja jirani anasema haitakufa maana maji yanapita ndani ya mti siyo kwenye gome, tena anasema mti ukichunwa ndo unazaa sana. Mwingine kaniambia nipake oili chafu. Halafu najiuliza, kwa shemeji yangu Mikindani minazi imekatwa vidato shina zima na wakwezi na inaishi tu, sasa kwa nini mkorosho ufe kwa kuchunwa gome? Nifanye nini, na nina muda gani?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mikorosho mitano mikubwa kuchunwa kwa mpigo si jambo dogo, mti wa umri huo ni ada ya mtoto shuleni, najua unaumia kila ukipita hapo. Nimelisoma swali lako lote na naona ndani yake kuna maswali kama matatu: majani mabichi yana maana gani, mnazi na mkorosho wanatofautiana nini, na hatua gani uchukue kabla mambo hayajaharibika. Nikupe kwanza jibu la haraka ili usikae roho juu. Ile minne iliyochunwa mzunguko mzima iko kwenye hatari kubwa, na majani kuwa mabichi si dalili ya kupona. Ule wa tano una nafasi nzuri ya kuishi. Na hata ile minne, mizizi yake kwa sasa bado hai, na hiyo mizizi ndo mtaji wako, kila nitakachokushauri hapa chini kinahusu kuiokoa mizizi.

Tuanze na huyo mzee jirani maana hajasema uongo. Maji kweli yanapita ndani, kwenye mbao. Ukikata mkorosho ukaangalia kisiki, ile sehemu yote ngumu ni tishu inayoitwa zailemu, na imejengwa kwa mirija myembamba sana ambayo seli zake zilishakufa zamani, zimebaki kuta tu, na kufa huko ndo kumezifanya ziwe njia nzuri ya maji. Mizizi inanyonya maji na chumvichumvi za udongo, majani huko juu yanapoteza mvuke kwenye vitundu vyake vidogo, na kila tone linalotoka kwenye jani linavuta la nyuma yake, hivyo hivyo mpaka chini kwenye mzizi. Mti hausukumi maji kwa pampu yoyote, jua na upepo ndo vinayavuta. Na si mbao yote inafanya kazi hiyo, ni ile ya nje nje iliyo karibu na gome, ya katikati imeshastaafu, inabeba uzito tu, ndo maana unakuta mwembe mzee una shimo katikati mtu anaweza kujificha humo na bado unazaa. Kwa hiyo waliochuna gome la mikorosho yako hawakugusa njia ya maji. Majani yanaendelea kupata maji, yanaendelea kuwa mabichi, na hapo mzee anaona hoja yake imetimia.

Alichosahau ni kwamba mti una safari mbili, ya kupanda na ya kushuka. Jani linatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na hiyo sukari ndo chakula cha mti mzima, pamoja na mizizi ambayo ipo gizani haiwezi kujipikia chochote. Sukari inashuka kupitia tishu nyingine inaitwa floemu, na floemu yote ya mkorosho ipo kwenye gome. Tofauti na zailemu, hizi seli ziko hai, zimepangana kichwa kwa mguu na kati yao kuna vizuizi vyenye matundu kama chekecheo, na kila moja ina seli jirani pembeni inayoihudumia maana yenyewe haina hata kiini. Sukari inaingizwa kwa nguvu huku juu karibu na majani, inavuta maji kutoka kwenye zailemu, presha inapanda, basi ule utomvu unasukumwa kuelekea kule ambako sukari inatumika na presha iko chini, yaani mizizini, kwenye machipukizi, kwenye maua, kwenye korosho zinazojaa. Maelezo haya ya presha aliyatoa Mjerumani Ernst Münch mwaka 1930 na mpaka leo ndo tunayoyafundisha.

Sasa chukua tawi la mkorosho ambalo ungelikata hata hivyo kwenye kupogolea, nene kama kidole gumba, ulichune taratibu kwa kisu kidogo uone kwa macho yako. Nje kabisa kuna ganda kavu la kijivu, hilo limekufa, kazi yake ni kuzuia mti usikauke na wadudu wasiingie. Chini yake kuna nyama laini ya kijani hivi halafu inageuka nyeupe au ya pinki kidogo, humo ndo kuna floemu, na unene wake wote ni milimita chache. Endelea kuvuta gome na utaona linaachana na mti penyewe, na mbao iliyobaki ni nyeupe inateleza, ukipitisha kidole unahisi ute. Huo ute ni mabaki ya tabaka jembamba kuliko karatasi linaloitwa kambiamu. Naomba ulishike hili jina maana majibu ya maswali yako yote matatu yamelala humo. Kambiamu ni seli changa ambazo kazi yake ni kugawanyika tu, upande wa ndani zinatengeneza zailemu mpya na upande wa nje floemu mpya, ndo zinafanya shina linenepe mwaka hadi mwaka. Wakati wa mvua zinakuwa kwenye kazi kubwa, kuta zake ni laini mno, ndo maana gome linachunika kirahisi mwezi wa tatu na wa nne na watu wa magome wanaupenda sana huo msimu. Kwa hiyo aliyechuna shubiri moja kuzunguka shina ameondoa floemu yote ya sehemu hiyo na pia ameondoa kile ambacho kingetengeneza nyingine, chote kwa mkono mmoja.

Hapo utaelewa kwa nini majani ni mabichi. Juu ya kidonda hakuna njaa, kuna shibe. Maji yanafika, sukari inatengenezwa, ila haiwezi kushuka. Chini ya kidonda mizizi inaishi kwa akiba, maana mti wakati wa neema huwa unaweka wanga kwenye mizizi na kwenye mbao za chini, na mkorosho mkubwa kama wa mjomba wako unaweza kuwa na akiba ya kuishi miezi mingi, mwingine unavuka msimu mzima na hata zaidi. Akiba ikiisha mizizi midogo ya kunyonya maji inaanza kufa, maji yanapungua, na ndipo majani yanapobadilika rangi, yanapukutika, tawi linakauka kuanzia ncha. Ukisubiri majani yakuambie kuwa mti unakufa umechelewa, kwa sababu majani ndo ya mwisho kupata taarifa. Hili nakuomba uliweke akilini kuliko yote niliyoandika.

Na hii habari ya "ukichunwa unazaa sana", jamani ina ukweli na ukweli wake ndo unaponza watu. Sukari iliyozuiwa kushuka inarundikana juu, na mti wenye sukari nyingi kwenye matawi huwa unatoa maua mengi. Wakulima wa zabibu wanalitumia hilo kwa makusudi, na hata kwenye mwembe ambao ni ndugu wa ukoo mmoja na mkorosho kuna sehemu wanafanya, lakini wanachuna mkanda mwembamba sana, milimita chache, tena mara nyingi kwenye tawi siyo shina, ili kambiamu ya kingo mbili ikutane ifunge pengo ndani ya wiki kadhaa. Shubiri nzima haifungi. Marcello Malpighi, Mwitaliano wa miaka ya 1600, alichuna matawi kwa mviringo hivi hivi akaona gome la juu ya kidonda linavimba na la chini halivimbi, akajua kuna chakula kinashuka kutoka kwenye majani. Nenda ukaangalie mikorosho yako, pitisha vidole kwenye ukingo wa juu wa kidonda, baada ya miezi miwili naamini utakuta umeanza kutuna, na ukingo wa chini umenywea. Kwa hiyo mwezi wa nane ukiona imetoa maua kuliko jirani zake usifurahie ukasema mzee alikuwa sahihi, huo ni uzazi unaolipiwa na mizizi.

Sasa minazi ya shemeji yako. Swali lako hili ni zuri sana na watu wengi hawalifikirii. Mnazi na mkorosho ni mimea ya maua yote miwili lakini imejengwa kwa namna mbili tofauti, na tofauti inaanzia kwenye mbegu. Bangua korosho, toa ile ngozi nyembamba, inagawanyika yenyewe vipande viwili, na katikati kwenye ncha utaona kinundu kidogo, kile kinundu ndo mche wenyewe na vile vipande viwili ni majani yake mawili ya kwanza yaliyojaa chakula. Nazi haina hayo, ina jani moja tu la mbegu, na ukipasua nazi iliyochipua unalikuta limegeuka joya, lile dude laini tamu ambalo watoto wanaligombania, kazi yake ni kunyonya nyama ya nazi na kulisha mche. Kundi la ghala mbili, yaani mimea yenye majani mawili ya mbegu, lina mikorosho, miembe, mikunde, mihogo, na kundi la ghala moja, lenye jani moja la mbegu, lina minazi, mahindi, mpunga, mianzi, migomba.

Kwenye shina la ghala mbili floemu na zailemu zimejipanga duara, na kambiamu kati yake. Kwenye mnazi hakuna duara. Zailemu na floemu zimefungwa pamoja kwenye nyuzi nyingi sana, kila uzi una vyote viwili ndani yake, na nyuzi zimetawanyika shina zima, zimebanana zaidi huku nje, kama nondo ndani ya nguzo ya zege. Ukikata mnazi kwa shoka unaziona kabisa, vidoa vyeusi vyeusi kwenye sehemu ya nje na ukivuta zinatoka nyuzi. Mkwezi akichonga kidato anakata nyuzi chache za upande mmoja, mamia kwa mamia zilizobaki zinaendelea kupandisha maji na kushusha sukari. Mnazi hauna gome la kuchunika kwa maana ya mkorosho, kwa hiyo huwezi kuuua kwa kuuchuna.

Lakini usimwonee wivu mnazi. Haina kambiamu hiyo miti, kwa hiyo kidato kilichochongwa na babu kipo hivyo hivyo mpaka leo, hakizibi, na shina halinenepi kama la mwembe. Zile floemu za chini kwenye mnazi mzee ni zile zile ulizoanza nazo ujanani, seli hai zinafanya kazi miongo mingi bila mbadala, mimi kila nikiufikiria mnazi mrefu wa pwani hilo linanishangaza. Na mnazi una sehemu moja tu ya kukua, ule moyo wa kileleni, mdudu chonga akiutoboa ukafa basi mnazi wote umekwisha, wakati mkorosho ukiukata kwenye shina unachipua tena. Kila mmoja ana udhaifu wake. Shemeji mwambie tu vidato visiwe virefu kuingia ndani bila sababu, maana kila kidato ni mlango wa kuvu na wadudu ambao hautafungwa.

Mtu mwingine atakuletea mfano wa mbuyu, kwamba watu wanachuna gome wanasokota kamba na mbuyu unaota gome jipya. Ni kweli, ila mbuyu mbao yake imejaa seli hai zenye maji ambazo zinaweza kutengeneza gome upya juu ya kidonda. Mkorosho hauna uwezo wa namna hiyo, labda pawepo na unyevu mwingi na uso wa kidonda usiwe umeguswa, na nafasi hiyo ipo siku zile za mwanzo tu. Ungeniandikia siku ile ile ningekwambia usiparue ule ute, zungushia nailoni safi kidonda kisikauke, upate walau bahati. Baada ya miezi miwili uso umeshakauka, hilo limepita.

Oili chafu hapana. Naomba uikatae hata kama anayekushauri ni mtu unayemheshimu. Kingo za kidonda zina seli hai ambazo ndo zinajaribu kuziba, oili inaziua na inasogeza kidonda mbele. Hivyo hivyo lami, hivyo hivyo rangi ya mafuta. Mti hauponi kama ngozi yetu, mbao iliyoachwa wazi haifufuki, mti unachofanya ni kuitenga ndani na kuota gome la pembeni taratibu mpaka liifunike, na kazi hiyo inafanywa na kambiamu ya kingo. Ukiiua hiyo kambiamu kwa oili hakuna tena wa kuifanya.

Twende kwenye vitendo. Kwanza zunguka kila mti kwa utulivu ukiwa na kisu kidogo safi, maana watu wanaposema "mzunguko mzima" mara nyingine kuna kipande chembamba kimesalia nyuma kwenye kona au kwenye mfereji wa shina na hukukiona. Palipo na gome kwenye eneo la kidonda likwaruze kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele. Ukikuta unyevu na rangi ya kijani au nyeupe, pako hai. Ukikuta kahawia na ukavu, pamekufa. Hata kipande cha vidole viwili kilicho hai, kikiwa kimeungana juu na chini, kinashusha chakula, na kadiri miaka inavyokwenda kinapanuka.

Mti wa tano basi uache na kipande chake. Kata kingo za gome zilizokufa na kuning'inia kwa kisu kikali, simamia hapo hapo kwenye gome lililo hai usiongeze kidonda, halafu uuache kidonda wazi. Palilia chini yake, na hasa ukinge na moto, maana huu msimu wa kiangazi watu wanachoma mashamba na mti wenye floemu ya upande mmoja hauwezi kuhimili moto kwenye upande huo uliobaki. Usiupogoe sana mwaka huu, kila jani lake linahitajika. Kama kilichobaki ni robo ya mzunguko au zaidi mimi nina matumaini nao, kikiwa chini ya hapo utadhoofika msimu mmoja miwili lakini usiukatie tamaa.

Ile minne, kitu cha kwanza angalia chini ya kidonda kama kuna maotea, yaani machipukizi yanayoota kwenye shina. Najua tumefundishwa kila siku kuondoa maotea, na kwa mkorosho mzima ni sahihi kabisa, ila hapa ni kinyume. Chipukizi linaloota chini ya kidonda majani yake yanashusha sukari moja kwa moja kwenye mizizi, halina kizuizi, ndo mlishaji pekee wa mizizi uliyebaki naye. Usiguse hata moja kwa sasa, na mbuzi wasile. Mti wenye maotea mazuri unaweza kuuacha na kichwa chake msimu huu, upige salfa kama kawaida maana maua yake yatashikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, kama ya mti mwingine wowote, uvune korosho zake, halafu baada ya mavuno ukate shina chini ya kidonda uache maotea yachukue nafasi.

Mti usio na maotea ni mtihani. Hapa una uchaguzi wa kweli na kila upande una hasara. Ukiuacha uvune mwaka huu, unapata korosho, labda nyingi, lakini mizizi inazidi kumaliza akiba na ukija kukata baadaye kisiki kinaweza kisichipue kabisa, umepoteza mti. Ukiukata mapema, unapoteza korosho za msimu huu lakini unaukata wakati mizizi bado ina nguvu ya kusukuma machipukizi. Mimi ningekuwa wewe ningekata, usawa kati ya goti na kiuno, kwenye gome zima lenye afya chini ya kidonda, mkato uwe na mwinamo kidogo maji yasituame, na salfa ya mti huo ningeipeleka kwenye miti mingine. Kwenye gome la chini kuna vichipukizi vilivyolala miaka na miaka, kichwa kikiondoka vinaamka. Yatatoka mengi, chagua machache yenye nguvu yaliyoachana vizuri kuzunguka kisiki, mengine punguza kidogo kidogo, usipunguze yote siku moja.

Halafu hapa pana neema ndani ya msiba. Yale machipukizi yakifika unene wa penseli unaweza kuyabebesha, yaani kuyapandikizia vikonyo (vijiti vichanga) vya mikorosho bora, na ukapata mti wenye mizizi ya mjomba na kichwa kipya chenye mavuno mazuri zaidi. Huko kwetu Mtwara TARI Naliendele ndo kituo cha utafiti wa korosho, kubebesha na kubadilisha mikorosho mizee ni kazi yao, na mafundi wa kubebesha wapo wilayani. Kubebesha kunafanikiwa kwa sababu ile ile ya kambiamu: ya kikonyo ikigusana na ya chipukizi, zikafungwa zisicheze na zisikauke, zinashonana na kutengeneza zailemu na floemu za pamoja. Fundi akikosea kambiamu ya kikonyo ikakaa upande wake na ya chipukizi upande wake, kikonyo kinakauka hata awe amefunga kwa ustadi kiasi gani. Na ndo maana hujawahi kusikia mtu amebebesha mnazi.

Huenda utasikia pia kuhusu kuunga daraja, yaani unachukua vikonyo virefu, unachomeka ncha moja chini ya gome la chini ya kidonda na nyingine chini ya gome la juu, vikavusha chakula. Njia hiyo ipo, watu wa matofaa nchi za baridi wanaitumia na inaokoa miti. Kwa hali yako siioni ikiwa na nafasi kubwa: pengo ni pana, shina ni nene, kingo zimeshakauka miezi miwili, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa kusi unakausha kila kitu kabla hakijashika. Ukitaka kujaribu kwa mti mmoja na fundi anayejua, jaribu, ncha ya chini ya kikonyo ikae chini kama ilivyoota, usikigeuze kichwa chini. Ila usiiwekee matumaini miti yote minne.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaamua na itabidi mtu afike shambani. La kwanza, ukiona mikorosho ambayo haikuchunwa nayo inanyauka, hasa majani yanaanza kuwa ya njano upande mmoja wa mti halafu upande mwingine unafuata, hiyo si habari ya gome. Kuna mnyauko fusari, kuvu ya udongoni inayoingia kwa mizizi na kuziba zailemu yenyewe, yaani huo unaua kwa kukata maji wakati kuchuna gome kunaua kwa kukata chakula. Ukikata tawi la mti wa hivyo ukakuta mistari ya kahawia ndani ya mbao, acha, usihamishe udongo wala mche kutoka hapo, safisha jembe na panga kabla hujaingia shamba jingine, na muite bwana shamba haraka. La pili, ukiona unga mweusi au wa kahawia uliochanganyika na gundi unatoka kwenye shina au mizizi ya juu, huyo ni bungua wa shina, funza wake wanakula chini ya gome na wakikutana mzunguko wanafanya kazi ile ile iliyofanywa na visu vya hao watu. Miti yenye vidonda na visiki vibichi vinaweza kumvutia, kwa hiyo pita mara kwa mara uangalie. La tatu, kabla hujashika msumeno kukata mti mkubwa, afisa kilimo auone kwanza, kwa sababu mti ukishalala hakuna majadiliano.

Na hao wachunaji, peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ila pia kaa na waganga wa hapo kwenu mzungumze. Gome la mkorosho kwa tumbo watu wametumia tangu zamani na hawataacha kwa kukatazwa. Waambie kila mwaka baada ya mavuno unapogoa, matawi yapo chini bure, gome lake ni lile lile, waje wachukue hapo. Na mtu akilazimika kuchukua kwenye shina, achukue ukanda mwembamba wa kusimama, juu kwenda chini, upande mmoja, asizunguke kamwe.

Wiki hii anza na kukagua maotea kwenye ile minne. Ukienda Naliendele au kwa afisa kilimo wako nenda na picha za kila mti, ya kidonda kwa karibu pande zote na ya mti mzima, na uwe umeandika ni mwezi gani walichuna na upana wa kidonda kwa sentimita, hayo mawili ndo watakuuliza kwanza. Vipande vya mti au udongo usibebe mpaka wakuambie.